Asilah: Mji Mdogo Uliochora Kuta Zake

Mwaka 1331 msafiri mkubwa wa Kiislamu, Ibn Battuta, alifika katika pwani yetu, akaiona Mombasa na Kilwa, na katika khabari za safari zake akawasifu watu wake kwa dini yao na wema wao. Alikuwa ametoka mbali sana. Mji aliozaliwa ni Tangier, ambao Waarabu huuita Tanja, katika ncha ya kaskazini ya nchi ya Moroko, pale inapokutana Bahari ya Kati na Bahari ya Atlantiki. Leo natutoke kwetu twende kwao, tulipe ziara ile.

Lakini hatutakaa Tanja. Tutashika njia ya kusini, ufuo ukiwa mkono wetu wa kulia, na kabla saa haijatimia, kwa gari au kwa treni, tutaona ukuta mkongwe wa mawe uliosimama juu ya maji, na nyuma yake nyumba nyeupe zilizobanana kama watu katika safu ya sala. Huo ndio mji wa Asilah.

Si mji mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 iliwakuta wakazi wake wakizidi kidogo tu 30,000. Hauna bandari kuu wala viwanda vya kutajwa. Tangu zamani watu wake ni wavuvi, wakulima na wachuuzi. Hata hivyo, tangu mwaka 1978 wachoraji, washairi, wanavyuoni na hata wakuu wa dola hufunga safari kwenda huko, na jina la mji huu husikika katika nyumba za maonyesho za London na New York. Sababu yake ni kwamba watu wachache waliozaliwa humo waliamua kuutibu unyonge wa mji wao kwa sanaa. Khabari hiyo yafaa isomwe katika kila nyumba ya Kiislamu, na khasa yafaa isomwe na vijana wanaokaa katika miji mikongwe ya pwani yetu.

JINA LA MJI NA KHABARI ZAKE

Katika zama za Warumi palikuwa na mji sehemu hizi ulioitwa Zilil. Waarabu walipokuja wakaliandika jina Asilah, na kwa maandishi hayo neno huleta maana ya kitu chenye asili njema. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani neno letu "asili" limechipuka katika shina lilo hilo.

Katika karne ya nne ya Hijra mji huu ulimtoa mwanachuoni Abu Muhammad al-Asili. Alisafiri mpaka Mashariki, akaipokea Sahih al-Bukhari kwa waliokuwa na isnadi yake, kisha akarudi Andalus akaifundisha. Alifariki Cordoba mwaka 392 wa Hijra, yaani 1002. Mpaka leo wasomao sherehe kubwa za Bukhari hukutana na jina lake pale zinapolinganishwa nakala za wapokezi mbalimbali. Basi mji mdogo ulikwisha kutoa kitu kikubwa tangu zamani hizo.

Kisha ikaja misiba. Mwezi wa Agosti mwaka 1471 Mfalme Afonso wa Tano wa Ureno alitua Asilah na jeshi kubwa la merikebu, akauvunja ukuta kwa mizinga, akauteka mji. Wengi waliuawa na wengi wakachukuliwa mateka. Siku chache baadaye Tanja nayo ikaanguka. Sisi wa pwani twawajua wageni hao. Miaka 27 baada ya Asilah, mwaka 1498, Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akaipiga Kilwa na kuichoma Mombasa. Anayeutazama ukuta wa Asilah uliojengwa na Wareno na anayeitazama Ngome ya Mombasa wanasoma kurasa mbili za kitabu kimoja.

Wareno hawakutosheka na kuuteka mji. Walitaka na picha yake. Yakafumwa mapazia makubwa ya sufi na hariri, kila moja lina urefu upitao mita kumi, yakionyesha kushuka kwa majeshi, kuzingirwa kwa Asilah na kuvamiwa kwake. Leo yamo katika mji wa Pastrana, nchini Hispania, na watu huenda kuyastaajabia kwa uzuri wa kazi. Ni kazi nzuri kweli. Humo yumo mfalme ndani ya mavazi yake ya chuma, zimo bendera na mabaragumu, na wamo watu wa Asilah ndani ya ukuta wao, wakijihami. Lakini mkono uliozifuma sura zao haukuwa wao, wala macho yaliyowatazama hayakuwa yao. Yafaa tulikumbuke jambo hili tutakapofika katika khabari za wachoraji, kwani mtu asiyeisimulia nyumba yake husimuliwa na mwingine, na mara nyingi msimulizi huyo ndiye aliyemvunjia mlango.

Wareno walitoka mwaka 1550, wakarudi baadaye, na mwaka 1578 Mfalme wao kijana, Sebastian, alitoka Asilah na jeshi lake kwenda bara. Tarehe 4 Agosti alikutana na Waislamu penye Wadi al-Makhazin. Siku hiyo alikufa yeye, na wakafa pia watawala wawili wa Moroko waliokuwa wakigombea kiti, ndiyo maana vita hivyo huitwa Vita vya Wafalme Watatu. Baada ya vishindo hivyo Asilah ulirudi kuwa mji mdogo wa ufukweni.

Katika mwanzo wa karne ya ishirini akatokea mtu mmoja, Ahmad al-Raisuni, kiongozi wa watu wa milimani. Wako waliomwona shujaa na wako waliomwona mnyang'anyi. Mwaka 1904 alimteka tajiri mmoja wa Tanja, Ion Perdicaris, Marekani wakaleta manowari, naye akalipwa fidia. Mwaka 1909 akajijengea kasri juu ya ukuta wa Asilah, lenye roshani zinazotazama bahari. Watu wa mji husimulia kwamba waliohukumiwa walirushwa kutoka roshani hizo mpaka majabalini. Kasri hilo lipo, na tutaliingia punde hivi.

KAZI ILIYOANZA NA UFAGIO NA CHOKAA

Katika miaka ya sabini Asilah ilikuwa katika hali mbaya. Nyumba za mji mkongwe zilikuwa zinaanguka. Takataka zilirundikana vichochoroni, maji machafu hayakuwa na mahali pa kupita, na vijana waliopata elimu kidogo walikwenda zao Tanja, Dar al-Baidha au Ulaya. Hali hiyo hatuhitaji kuielezwa sana, maana tunayo mifano karibu.

Wawili kati ya waliokwenda wakarudi. Mmoja ni Mohamed Melehi, mchoraji, aliyezaliwa Asilah mwaka 1936 na kusomea sanaa Hispania, Italia na Marekani. Wa pili ni Mohamed Benaissa, aliyezaliwa mwaka 1937, msomi wa mambo ya upashaji khabari aliyekwisha kufanya kazi katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 1976 wote wawili wakachaguliwa katika baraza la mji. Fedha hazikuwako. Wakaunda jumuiya wakaiita Al-Muhit, yaani Bahari Kuu, na mwaka 1978 wakawaalika wachoraji wa Moroko waje Asilah wapake rangi kuta za vichochoro.

Msomaji aweza kuuliza: mji hauna mifereji, nao wanachora kuta? Hili ndilo swali lililoulizwa wakati ule, na jibu lake ndilo kiini cha khabari yetu. Ukuta haupakwi rangi mpaka kwanza usafishwe na kupigwa chokaa. Chokaa haipigwi mpaka kwanza uondolewe uchafu ulioegemea ukutani. Na mwenye nyumba akiona ukuta wa jirani umekuwa mweupe na juu yake pana mawimbi ya samawati na manjano, huona haya kumwaga maji ya uchafu mlangoni pake. Watoto waliokuwa wakitupa mawe wakawa wachukuzi wa makopo ya rangi. Mama zao wakatoka na mifagio. Kwa mlango huo wa rangi kazi nyingine zikaingia: kutengeneza nyumba, kutandika mawe vichochoroni, kuleta maji na taa. Benaissa akawa meya mwaka 1983, na mwaka 1989 kazi ya kuufufua mji wa Asilah ikapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo.

Sisi Waislamu hatukupasa kustaajabu. Tumefunzwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi mojawapo la imani. Wengi wetu tumelihifadhi somo hilo tangu chuoni. Watu wa Asilah wakalitia mikononi.

Mkusanyiko huo wakauita Mausim. Moroko tangu zamani mausim ni mkutano wa kila mwaka, aghalabu penye kaburi la mtu mwema au baada ya mavuno, ambapo watu huuziana, husoma dhikri na kushindana kwa farasi. Neno hilo na sisi tunalo: ndilo "msimu" wetu, walilotuachia mabaharia waliongojea pepo za kaskazi na kusi. Kwa miaka mingi Mausim ya Asilah ilikuwa ya kiangazi. Miaka ya karibuni imegawanywa katika nyakati zaidi ya moja za mwaka. Pamoja na wachoraji huja wasomi wa Kiarabu na wa Kiafrika kuzungumza mambo ya umma. Léopold Senghor wa Senegal alifika. Mshairi Tchicaya U Tam'si wa Congo alipendwa sana huko, na alipofariki mwaka 1988 Asilah ikampa bustani yenye jina lake na tuzo ya ushairi wa Kiafrika.

MATEMBEZI NDANI YA MJI

Mgeni aingiapo kwa Bab al-Homar, mojawapo ya malango ya zamani, hukutana kwanza na weupe. Kuta ni nyeupe, na milango na madirisha ni ya samawati au kijani. Kichochoro hupinda, na penye pembe, pasipotarajiwa, ukuta mzima umejaa rangi: mara mistari inayopishana kama nyuzi za mkeka, mara duara kubwa la jua, mara herufi za Kiarabu zilizonyoshwa mpaka zikawa kama matete katika upepo. Chini ya picha hiyo paka amelala, na mzee amekaa kibarazani mwake. Hapana kiingilio wala mlinzi. Atokaye msikitini huipita, na aendaye kuchukua mkate huipita.

Jambo la ajabu ni kwamba picha hizo hazidumu. Jua huzichubua, chumvi ya bahari huzila, mvua za baridi huziosha. Mwaka unaofuata ukuta hupigwa chokaa tena, na mchoraji mwingine hupewa. Kazi ya fundi mashuhuri inaweza kufutwa ili kijana apate mahali pa kuweka yake. Katika miji mikubwa picha hutiwa ndani ya kioo na bei yake ikapandishwa. Asilah wameuacha ukuta uwe kama ubao wa chuoni, unaoandikwa, ukasomwa, ukafutwa.

Si kila kitu kimo vichochoroni. Mnara wa Kamra, uliojengwa na Wareno, ulitengenezwa upya na ndani yake kumefanywa maonyesho ya picha. Karibu na Msikiti Mkuu pana Kituo cha Hassan II, penye kumbi za mikutano na za maonyesho. Na lile kasri la Raisuni sasa ni Kasri la Utamaduni. Vyumba vile vilivyosimuliwa kwa hofu ni karakana za kuchorea, na katika Mausim watoto wa mji huletwa wakapewa karatasi na rangi, wakafundishwa na wachoraji wakubwa.

Karakana iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya kuchapa picha kwa mabamba. Fundi huchukua bamba la shaba au zinki, akalichonga au akalikwaruza kwa sindano, akalitia katika tindikali ikale pale alipopakwaruza. Kisha hupaka wino, akaufuta juu ubaki katika mikwaruzo tu, akaweka karatasi yenye unyevu na kuligandamiza bamba kwa mashine. Karatasi ikitolewa, picha imehamia humo, na bamba moja laweza kutoa karatasi nyingi. Hivyo hata mtu wa kipato kidogo aweza kununua kazi ya fundi mkubwa. Robert Blackburn, Mmarekani mweusi aliyekuwa na karakana mashuhuri huko New York, alishiriki kuianzisha. Aliyeiongoza kwa miaka mingi ni Mohammad Omer Khalil, Msudani aliyezaliwa Khartoum mwaka 1936 na kuishi New York tangu 1967. Katika karakana hii Mwafrika alikuwa mwalimu, na wageni wa mabara mengine wakakaa kitako kujifunza kwake.

Jioni watu wote, wenyeji na wageni, huelekea Krikia, ukingo wa ukuta uliojitokeza baharini, kulitazama jua likizama. Karibu na hapo pana kuba na makaburi yaliyovikwa vigae vya rangi. Hata wafu wa Asilah, twaweza kusema, wamelazwa katikati ya ufundi.

MAFUNZO KUTOKA MSIKITINI

Kabla ya Mausim, kati ya 1964 na 1969, Melehi alikuwa mwalimu katika Skuli ya Sanaa ya Dar al-Baidha, pamoja na Farid Belkahia aliyekuwa mkuu wake na Mohamed Chebaa. Skuli ilianzishwa zama za Wafaransa, na wanafunzi walikuwa wakifundishwa kunakili sanamu za Kiyunani na kuchora matunda mezani kwa desturi ya Ulaya. Walimu hao wakawageuzia wanafunzi wao macho nyumbani. Wakawaonyesha mazulia ya Kiberberi, mapambo ya fedha, ngozi na udongo. Melehi alikwenda mpaka bonde la Sous akapiga picha dari za mbao za misikiti na zawiya za mashamba, zilizopakwa rangi na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hoja yao ilikuwa hii: mistari, duara na pembe ambazo wachoraji wa Ulaya walikuwa wakijivunia kwamba ni jambo jipya, babu zetu walikuwa nazo juu ya vichwa vyao wakisali.

Mwaka 1969 wachoraji sita wa kundi hilo walizitoa picha zao nje, wakazitundika katika uwanja wa Jamaa al-Fna, Marrakesh, mbele ya wauza machungwa na wasimulizi wa hadithi. Kuta za Asilah za mwaka 1978 ni tunda la mti huo. Melehi mwenyewe aliyatumia katika maisha yake yote mawimbi, na kwa muda mrefu alipaka kwa rangi za magari badala ya rangi za mafuta za wachoraji, akisema kwa vitendo kwamba sanaa ni jamaa wa fundi wa gereji. Alifariki Paris mwaka 2020, katika mwaka wa maradhi ya korona. Mwaka mmoja kabla ya hapo London ilikwisha kumfanyia maonyesho makubwa.

MAS'ALA YA PICHA

Hapana shaka baadhi ya wasomaji watauliza khabari ya hukumu ya picha, na ni haki yao. Wanavyuoni wa Kiislamu wameizungumza mas'ala hii kwa urefu. Kwa jumla wamekataza masanamu ya viumbe vyenye roho. Juu ya picha za viumbe hao zilizochorwa katika kitu bapa maneno yao yamekhitilafiana, wako waliokaza na wako waliofafanua. Ama miti, mito, majengo, maandiko na nakshi za mistari, wengi mno hawakuona ubaya wowote, na misikiti ya Kiislamu tangu Cordoba mpaka Samarkand ni ushahidi. Katika kuta za Asilah sehemu kubwa ni nakshi na rangi, ingawa si zote. Yumo pia achoraye nyuso, na wamo Waislamu wasioridhika naye.

Linalotupasa ni kuuliza kwa adabu wenye ilimu, na pia kutoifanya khitilafu hii kuwa kisingizio cha uvivu. Mlango wa halali ni mpana. Mtoto anayeshika kalamu vizuri ana khati za Kiarabu, ana maua, ana mashua na minazi, ana nakshi za milango, kazi ya umri mzima. Kumkataza kuchora bila ya kumwonyesha mlango ulio wazi ni kumsukuma akautafute ambao hatuujui.

GHARAMA YA SIFA

Si haki kumsimulia msomaji matamu tu. Mji ulipokuwa safi na mashuhuri, nyumba zake zikapanda bei. Wageni wa Ulaya na matajiri wa miji mikubwa ya Moroko wakanunua nyumba ndani ya ukuta wazifanye za mapumziko. Kiangazi mji hufurika. Baridi ikija, milango mingi ya samawati hufungwa kwa makufuli, na kichochoro kilichokuwa na kelele za watoto huwa kimya. Familia nyingine ziliuza kwa furaha, zikajenga kubwa zaidi nje ya ukuta. Nyingine ziliuza kwa dhiki, na zikigundua baadaye kwamba haziwezi tena kununua hata chumba kimoja mahali walipozikwa babu zao. Tena wako wenyeji waliosema kwamba Mausim imekuwa ya wageni wa heshima zaidi kuliko ya wavuvi.

Benaissa alikuwa waziri wa utamaduni kuanzia 1985 hadi 1992, na waziri wa mambo ya nje kuanzia 1999 hadi 2007, naye hakuuacha mji wake mpaka alipofariki Februari 2025. Sasa waanzilishi wote wawili wamekwenda mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kujaribiwa kwa kazi yao kumeanza upya, kwani kazi iliyosimama kwa watu wawili haijajulikana kama ni ya mji mpaka watu hao waondoke. Kutazamwa kwake kutakuwa si katika kumbi za maonyesho, bali katika idadi ya milango inayofunguliwa asubuhi ya majira ya baridi na watoto wanaotoka humo kwenda skuli.

NA SISI JE?

Sisi tuna Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu uliotiwa mwaka 2001. Tuna Siyu, ambako mafundi walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi. Tuna wachonga milango, washona kofia za vito, wasuka mikeka kwa ukili uliotiwa rangi. Basi katika ufundi hatupungukiwi na Asilah. Tulichopungukiwa ni kuuona. Kofia anayoishona mama kwa miezi mingi huuzwa kwa bei ya kutupa, na mwanawe hajapata kuambiwa kwamba ile ni kazi ya sanaa yenye hesabu na mizani ndani yake. Mgeni akija na kamera yake ndipo tunaposhtuka kwamba mlango wetu ni mzuri.

Wala haitaki tungoje serikali au tajiri. Chuo cha Qur'ani chaweza kutenga ukuta mmoja, ukapigwa chokaa, na mwisho wa mwaka wanafunzi wakatundika khati zao bora, wazee wakaalikwa kutazama. Wakina mama wa mtaa waweza kukusanya mikeka na kofia zao siku moja ya Idi, kila kazi ikaandikwa jina la aliyeifanya, maana fundi asiyetajwa hufa mara mbili. Vijana waweza kuanza na kichochoro kimoja: wakifagie, wakitengeneze mtaro, wapige chokaa, kisha ndipo wafikirie rangi. Na mwenye nyumba ya urithi ndani ya mji mkongwe, kabla hajaiuza kwa mgeni, akae na jamaa zake wahesabu si fedha tu, bali na nani atakayefungua mlango ule baada yao.

Wahenga wametuachia neno kwamba mwacha asili ni mtumwa. Watu wa Asilah waliikuta asili yao imefunikwa na takataka, wakazifagia. Msomaji akitoka nyumbani kesho alfajiri kwenda msikitini, na autazame ukuta wa kichochoro chake, aone unataka nini. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutoa taufiki.